Motoni Hakuna Shikamoo

Nisha ameniomba niwaambie ninyi vijana mnaoanza kazi mambo mawili matatu kuhusu karakana yetu. Nimemjibu kwamba mawili matatu mimi siyawezi. Nikianza nimeanza, na kama kuna mwenye haraka aende zake sasa hivi kabla sijamjua sura. Naitwa Kabula, wengi wananiita Mama Masanja. Nimechoma kauri pale Mirongo, Mwanza, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe, bila msaada wa dukani. Sasa nimestaafu. Magoti yalitangulia kustaafu, mdomo ndio umegoma.

Kwanza niwatoe ushamba. Mtu akisikia kauri anafikiria sahani na masinki. Hata ninyi, nimeambiwa, mmoja wenu siku ya kwanza aliuliza vyoo viko wapi, akaoneshwa msalani, akasema hapana, vile vya kuuza. Sisi hatutengenezi vyoo. Tunatengeneza visahani vyeupe, vidogo kama sarafu, vinavyokaa kwenye kichwa cha mashine ya kutafutia samaki. Ukikipa kisahani umeme kidogo kinatetemeka na kutoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti inashuka ziwani, inagonga kundi la samaki, inarudi, na kisahani kinaigeuza kuwa umeme tena, mvuvi anaona picha kwenye kioo. Kisahani chenye ufa ni kiziwi. Kitamwambia mvuvi kwamba ziwa zima halina hata furu mmoja, naye atarudi nyumbani akimshuku jirani yake kwa uchawi, kumbe mchawi ni wewe uliyechoma vibaya.

Kisahani kinaanza kama unga. Unga unakandamizwa uwe duara, unakaushwa, halafu unachomwa mpaka chembe zishikane. Hapo kwenye kuchomwa ndipo nilipomaliza ujana wangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Bwire, Mjita mmoja mwembamba, mkali, mwenye nyusi moja. Ya pili iliungua alipokuwa kijana na ikakataa kuota tena. Tanuri letu lilikuwa la umeme, kubwa kama chumba cha mpangaji, na mlangoni lilikuwa na tundu dogo lenye kioo cheusi tulilokuwa tunaliita jicho. Unaweka jicho lako kwenye jicho lake, unasoma rangi ya moto ndani. Kipimajoto kilikuwepo, lakini kipimajoto kinasema joto la mahali kilipochomekwa, hakikuambii kona ya nyuma kuna nini. Kwa hiyo Bwire aliinama pale mchana kutwa, na mtu akipita nyuma yake alikuwa anaona mgongo tu.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameinama hivyo hivyo. Mimi nimelelewa Magu, na kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, bora umpite umemkanyaga. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Kimya. Nikarudia, kimya. Nikajua basi huyu mzee ni kiziwi, masikini, nikamwamkia kwa sauti iliyomfanya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aitikie. Ndipo Bwire akanyoosha mgongo polepole, akaniangalia kwa ile nyusi moja.

"Binti, motoni hakuna shikamoo," akasema. "Ukimgeukia mtu, moto nao unakugeuka. Shikamoo zako naziweka. Nitaitikia siku moto ukizimwa."

Nikafikiri jioni basi. Sikujua kwamba lile tanuri huwa halizimwi. Likipoa kabisa, matofali yake ya ndani yanapasuka na nyaya zake zinakuwa kama tambi kavu, kwa hiyo hata kama halina mzigo tulikuwa tunaliacha na joto la kukaushia kanga. Nikamwuliza, na umeme ukikatika? Akasema huko si kuzimwa, huko ni kusinzia. Kuzimwa ni mtu kushusha swichi kwa mkono wake mwenyewe. Basi miaka yote niliyofanya kazi chini yake nilimwamkia kila asubuhi na yule mzee hakuwahi kusema marahaba. Tukikutana sokoni atauliza watoto, atauliza ng'ombe wa baba, hata mbwa atamwuliza, lakini neno lile hatoi. Alipostaafu akaenda kukaa Sengerema kwa binti yake bado ana shikamoo zangu zote.

Mimi nikarithi jicho na ukali wake. Akaja kijana mmoja wa chuo kufanya mazoezi, mwenye adabu nyingi kupita kiasi. Anatoka nje kukohoa, akirudi anaamkia upya. Wiki ya pili akaenda kulalamika kwa bosi kwamba yule mama wa tanuri ana kinyongo naye. Bosi akamwambia tulia, hata mimi mwenye karakana hajaniitikia tangu mwaka juzi.

Bosi wetu ni Mzee Jayanti. Msije mkamwona Mhindi mkadhani alikuja jana. Babu yake alikuwa anauza nyavu Mwanza, yeye mwenyewe amezaliwa hapa, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko cha wanangu, tena ana matusi yake yote. Nisha ni binti yake. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na sanduku.

Lile sanduku niliposikia ni maikrowevu nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ninyi mmelikuta limezeeka mnaliona la kawaida. Sisi tuliliona na maswali. Nilimwambia Nisha mbele ya watu wote kwamba mimi sikumzalia mume wangu watoto wanne ili nije nichome kauri kwenye kitu cha kupashia kiporo. Kesho yake akaja na viazi vitamu viwili. Kimoja akakifukia kwenye makaa, cha pili akakiweka ndani ya sanduku. Baada ya muda mfupi akavipasua. Cha makaa kilikuwa na ganda jeusi na moyo mbichi. Cha sandukuni kilikuwa laini mpaka katikati. Akasema, "Mama Masanja, tanuri linapasha hewa, hewa inapasha tofali, tofali linapasha rafu, rafu ndiyo inapasha kisahani, tena kuanzia nje. Mawimbi ya sanduku hili yanaamsha joto ndani ya kisahani chenyewe." Nikala kiazi chote nikamwambia kiazi si kauri.

Na kweli kiazi si kauri. Siku ya kwanza tuliweka visahani mle, mashine ikanguruma, tukafungua, vikawa vya baridi kama kifua cha chura. Kisahani kikiwa baridi hakiyapokei yale mawimbi, yanakipita tu. Mpaka kwanza kipate joto kutoka pengine, ndipo kinaamka na kuanza kuyala chenyewe. Nisha akavunja jiwe jeusi la mashine ya kunolea vyuma, akapanga vipande kuzunguka visahani, vyote ndani ya kijisanduku cha bodi nyeupe za kuzuia joto. Lile jiwe jeusi linapata moto haraka sana, linawapasha wenzake, wenzake wakishawaka lenyewe linatulia. Tukaliita mchochezi. Mnaelewa kwa nini. Kila ukoo unaye.

Shida ya pili ni kwamba kisahani kikishaamka hakijui kutosheka. Kinavyozidi kupata moto ndivyo kinavyozidi kuyala mawimbi, na kona moja ikitangulia inaikimbia nyingine mpaka inayeyuka. Dawa yake ilikuwa kuweka kikombe cha maji humo humo sandukuni, nje ya zile bodi nyeupe. Maji nayo yanakula mawimbi, kwa hiyo yale ya ziada yanaishia kikombeni. Ni mambo ya mezani, watoto wakiwa wachache na ugali mwingi lazima mmoja avimbiwe, unamwita mtoto wa jirani.

Lakini kikombe kipi? Vikombe vyetu sisi vilikuwa vya bati, na chuma humo ndani ni balaa. Mzee Jayanti akasema subirini, akatuletea kutoka nyumbani kikombe cha seti ya harusi ya mkewe, cheupe, kina ukingo wa dhahabu. Akakiweka mwenyewe, akabonyeza kitufe mwenyewe, maana alikuwa anakipenda kile kitufe kama mtoto. Radi ikapiga ndani ya sanduku. Ule ukingo ulizunguka na cheche za bluu, bosi akatoka mbio akaacha kandambili moja. Cha plastiki kililegea kikalala ubavu. Mwisho kikapatikana kikombe kimoja tu karakana nzima, cheupe, hakina dhahabu, hakina hata mkono, kilikuwa kinakaa dirishani kikiwekewa misumari. Hicho ndicho kikawa mfanyakazi mwenzetu.

Sasa nawauliza. Maji yanachemka pale mbele yako kila siku saa nne asubuhi, na wewe ni Mtanzania, utayaangalia tu? Siku ya tatu nilitia majani. Siku ya nne mlinzi akaleta tangawizi. Nisha alipogundua alikasirika, akatuambia huo ni mzigo wa mashine, si jiko la mama lishe, na kwamba kisahani hakiweki mguu wala mkono kwenye chai lakini mtu mwenye akili hanywi kitu kilichotoka maabara. Tukakubali kwa vichwa. Baada ya wiki akachoka kutupigania, akabaki na sheria moja ambayo alituimbisha kama watoto wa chekechea: kikombe hakitoki mpaka mashine ilie. Ninyi hiyo chai msiinywe, siku hizi kuna birika na hamna udhuru.

Mimi nilikunywa chai ya sanduku huku nikiendelea kulisema sanduku. Na wenzangu walikuwa wanaogopa kusema nilichokuwa nakiona mwenyewe, kwamba tanuri linatuua. Mzigo mmoja wa tanuri ulikuwa unakula mchana na usiku na kipande cha kesho yake. Umeme ukikatika katikati, joto linashuka ovyo, visahani vinapasuka. Na umeme ulikuwa unakatika. Mteja wetu mkubwa alikuwa Dar, anaunda zile mashine za wavuvi, na alikuwa amerudisha mizigo mpaka akachoka. Mwisho akapiga simu kwamba anamtuma mkaguzi wake aje aone uchomaji mmoja kwa macho yake. Asiporidhika, ataagiza visahani nje.

Mzee Jayanti alitukusanya uani. Siku hiyo hakuweka mzaha wowote. Alisema mteja huyu akiondoka, yeye hana ujanja, anafunga karakana na kuifanya ghala la nyavu kama ilivyokuwa ya babu yake. Mimi nilikuwa na Masanja chuoni na nyumba ya Igoma iliyoezekwa nusu. Nilimtazama Nisha, naye alikuwa anatazama viatu vyake, kwa sababu ile karakana ndiyo ilikuwa imemsomesha akairudia.

Ikaamuliwa mioto yote miwili iandaliwe, wa tanuri na wa sanduku, na mkaguzi achague mwenyewe. Nikapakia tanuri langu siku moja kabla. Sijawahi kupanga visahani vizuri hivyo, kila kimoja na nafasi yake, hakuna kinachomgusa mwenzake. Niliwasha nikasema moyoni leo tutamwonesha mtu wa maikrowevu kazi.

Asubuhi ya siku yenyewe mvua ilitoka ziwani na ngurumo zake, umeme ukaondoka. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, nikaanza kuvisikia ndani. Tak. Kimya. Tak, tak. Kila mlio ni kisahani kimoja. Nililia, sioni haya kuwaambia. Nisha akaja akakaa chini, sakafuni, na suruali yake safi. Alikuwa na haki ya kuniambia si nilikwambia, na hakuniambia. Akasema, "Mama Masanja, tanuri jenereta yetu haiwezi kulibeba, lakini sanduku inalibeba. Naomba unishikie jicho." Nikafuta pua kwa kanga, nikahama kigoda.

Jicho la sanduku liko nyuma, Nisha alilitoboa na kulifunga kwa kioo na wavu. Ukikaa pale mlango wa mbele huuoni. Tukawasha. Mchochezi akapata moto, visahani vikaamka, rangi ikatoka wekundu wa makaa ikaingia kwenye njano ya embe, imetulia kona zote. Ile jenereta ilikuwa mbovu ya zamani, kila mara inapaliwa, sanduku linazima kidogo halafu linawaka. Nisha akaenda uani kuishika na mlinzi, mmoja anaminya bomba la mafuta, mwingine amekaa juu yake ili isirukeruke. Akaniachia neno: karibu inaiva, rangi ibaki hapo hapo mpaka mashine ilie, na nisizime ghafla, maana vikipoa kwa mshtuko vinapasuka.

Hapo ndipo mgeni alipofika, mapema kuliko tulivyotegemea, ameloa mvua.

Sasa mjiweke mahali pa Mzee Jayanti. Mgeni amekuja kutoka Dar, ameloa, ameshika mustakabali wako mkononi, na nyumbani kwako huwezi kumpa hata chai. Birika ni la umeme. Mkaa umenyeshewa. Kumkalisha mgeni kavu hivyo ni aibu kwa Msukuma na ni aibu kwa Mhindi, na yeye alikuwa mmoja na nusu ya mwingine. Akapita karakana akitafuta chochote, akaona kupitia kioo cha sanduku kikombe kinafuka, kina majani na tangawizi. Akafungua mlango, mashine ikanyamaza. Akatoa kikombe. Akafunga, na kwa furaha yake yote akabonyeza kitufe. Mimi huku nyuma nikaona giza na mwanga, nikasema moyoni jenereta imepaliwa tena.

Halafu kona ya kushoto ikawa nyeupe.

Ninyi hamjaona weupe huo, na mkiuona hamtausahau. Ni njano inayopauka kuanzia sehemu moja, inatambaa. Nikajua kuna kitu kimetoka. Nikazunguka mbele, nikaangalia kwenye kioo, nikaona alama ya duara pale kikombe kilipokuwa. Kuzima siwezi, vitapasuka. Kuacha siwezi, vinayeyuka. Na kikombe cha namna ile kilikuwa kimoja tu Mirongo nzima.

Nilikimbia. Kwa magoti haya. Ofisini nikamkuta mkaguzi, Bwana Kondo, kijana, shati jeupe, amekaa kwenye kiti cha bosi, amefumba macho, kikombe kiko mdomoni ndiyo kwanza anapiga funda la kwanza. Mzee Jayanti amesimama pembeni anamtazama kwa raha ya mwenyeji.

Sikuamkia. Sikusema samahani. Nilikamata kikombe nikakivuta, chai ikammwagikia kifuani, nikageuka nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia bosi akitaja jina langu kwa sauti ya mtu anayezama. Nikapita kwenye mtungi, nikajaza maji, nikafungua sanduku, nikaweka, nikafunga, nikabonyeza, nikarudi kwenye jicho. Weupe ulikuwa umefika karibu nusu. Nikaanza kuuongelesha kwa Kisukuma kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Polepole ukaanza kurudi nyuma.

Nikahisi watu nyuma yangu. Nikajua ni yule mgeni na shati lake. Huko kwetu ukimnyima mgeni chakula watu watakusimulia mwaka mzima. Ukimnyang'anya kilichoko mdomoni, sijui, sijawahi kusikia aliyefanya. Nikasikia sauti yake, ya upole kabisa.

"Mama, shikamoo."

Na mimi sikugeuka. "Motoni hakuna shikamoo," nikamwambia. "Subiri."

Mzee Jayanti alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoliona ghala la nyavu, mpaka rangi ya milango. Tulikaa hivyo, mimi na mgongo wangu, wao na pumzi zao, mpaka mashine ikalia na kuanza kushusha joto yenyewe.

Ndipo nikanyoosha mgongo. Nikaenda mbele, nikakitoa kikombe. Chai ilikuwa imebaki robo, nyeusi. Nikapiga goti, hili linalouma, nikakishika kwa mikono miwili nikampelekea. "Marahaba, mwanangu," nikasema. "Karibu chai."

Bwana Kondo hakupokea. Aliniangalia kwa uso wa kaburi. "Mama, wewe kabila gani?"

"Msukuma."

"Nilijua," akasema. "Hakuna mtu mwingine. Na mimi ni Mzaramo."

Ninyi wa siku hizi labda hamjui. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kuchukua kuku wako, kukalia kaburi lako, kumtukana marehemu wako, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Yule kijana alikuwa amemwagiwa chai na mtani, mtu ambaye mila inamkataza kumnunia. Aliangua kicheko, akapokea kikombe, akainywa ile lami yote mpaka majani, huku ananiambia kwamba Wasukuma tumezoea kumpa ng'ombe maji kwanza ndipo mgeni, na kwamba kwa kosa hili ananidai jogoo. Nisha alipoingia na mikono imejaa mafuta alikuta bosi amekaa sakafuni na mgeni anatukana ukoo wangu, akaanza kulia. Ilibidi tumweleze kwamba mambo ni mazuri.

Lakini utani ni utani na kazi ni kazi. Alisubiri visahani vipoe, akaanza kuvipima kama hajawahi kutujua. Anakiangusha kiooni asikilize mlio, anakipima kwenye maji, anakiweka kwenye mwanga. Vile vya kona ya kushoto vilikuwa vimeshikana kama maandazi yaliyogusana kwenye mafuta, akavitupa. Vilivyobaki vilikuwa vinalia. Mlio mwembamba, safi, mrefu, kimoja baada ya kingine. Akamaliza chombo kizima. Kisha akamwambia Mzee Jayanti kwamba mzigo unaendelea, kwa sharti kwamba bosi asiruhusiwe kuingia karakana akiwa na mikono. Na ndiyo maana mpaka leo mnamwona anapita pale mikono iko mgongoni. Mlidhani ni uzee.

Siwadanganyi kwamba sanduku ni malaika. Kipande kikubwa kinalisumbua, kisahani chenye unyevu kinalipuka humo kama bisi, na ile tabia ya kona bado ipo hata kwenye mashine mpya mlizonazo zinazojizungushia maji zenyewe. Vikausheni, mviachie nafasi, na msiiamini namba ya kwenye kioo kabla hamjachungulia. Lakini kazi iliyokuwa inanikesha sasa inaisha kabla ya chakula cha mchana, na umeme ukikatika jenereta inaibeba. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi tanuri likawa halina kazi. Bosi alitaka kuita fundi aje alikate. Nikamwambia swichi naishusha mimi, na asiguse mtu. Siku hiyo niliwaomba wote watoke. Nikaishusha. Nikakaa pale mpaka matofali yakaanza kulia kwa kupoa, halafu nikafunga mlango.

Kilichobaki ni kumwambia Mzee Bwire. Nilikiogopa kuliko mkaguzi. Zamani ningesema kivuko cha Kigongo kina foleni, nikaahirisha. Siku hizi kuna daraja, visingizio vimekwisha, ziwa lenyewe unalivuka hata karanga hujamaliza. Nilimkuta Sengerema, uani kwa binti yake, amekaa kwenye kiti cha kamba, macho yameanza kufifia. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

Kimya, kama kawaida yake. Nikaketi. Nikamsimulia yote, sanduku, mchochezi, mvua, kikombe, Mzaramo. Alicheka pale penye kandambili ya bosi. Nilipofika kwenye swichi, akanishika mkono.

"Umeme ulikatika, au umezimwa?"

"Umezimwa, mzee. Nimeshusha mwenyewe, kwa mkono wangu."

Ile nyusi yake moja ikashuka. Nikajua nimemuumiza. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kama ninyi mnavyofanyiwa na babu zenu.

"Marahaba, binti yangu," akasema. "Marahaba. Marahaba." Aliendelea kuitikia, taratibu, moja moja, mpaka binti yake akatoka jikoni kuuliza wageni wako wangapi.